Pipa la Bluu Mlangoni pa Mama Mkwe

Mliniacha nimesimama getini pa ghala, funguo alizosahau mume wangu nimezishika mkononi, macho nimeyatoa kama mjusi aliyebanwa na mlango. Bado nipo palepale.

Kwa aliyechelewa kunifuata, nieleze kidogo. Mimi ni msusi, nasukia watu barazani kwangu. Mume wangu ni dereva wa lori la ghala moja la dawa za mazao. Mama yake tunaishi naye, miguu imemchoka. Ili asihangaike kwenda bombani, mwanawe alimletea pipa la bluu, akalitia koki, akaliweka ukumbini mlangoni pa chumba chake. Kulijaza kwa mpira wa maji ikawa kazi yangu. Kumkingia jagi lake kila asubuhi, yangu pia.

Tangu pipa liingie, mama mkwe hakupata raha. Jasho bila joto. Mate kumjaa mdomoni. Tumbo kumkata, mikono kumtetemeka. Hospitali wakasema tumbo, mara wakasema presha, mwisho wakasema uzee.

Wifi yangu yeye akasema ni mimi.

Sasa pale getini nikawa nayaona mapipa yamepangwa ukutani. Ya bluu. Shingo pana, kifuniko cheusi. Ndugu wa lile la kwetu, baba mmoja mama mmoja. Tofauti ni kwamba haya bado yalikuwa na karatasi zake ubavuni, na kwenye kila karatasi palichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili.

Mpakiaji mmoja aliponiona akacheka.

"Shemeji! Umefuata la pili? Dereva anasema mama amelipenda kweli lile la kwanza."

"Ndani yake hukaa nini?" nikamuuliza.

"Dawa ya wadudu. Hiyo ukiipuliza shambani kwako, panzi wa jirani ndiye anayehama!"

Akacheka tena. Mimi nikamwekea funguo juu ya gunia, nikageuka.

Nilichokifanya nilipofika nyumbani, mtu yeyote mwenye mtoto angekifanya. Sikumsalimia mama mkwe. Nilichota maji ya pipa kidogo nikayatia kwenye chupa, nikaificha chupa chini ya kiti changu cha kusukia. Kisha nikafungua koki, nikaliinamisha pipa, maji yakamwagika ukumbini yakatafuta njia ya mlangoni.

"Unamwaga nini?"

Nikageuka. Wifi yangu amesimama kizingitini, mkoba begani, maji yakipita chini ya viatu vyake.

"Wifi, afadhali umekuja," nikamwambia. "Hili pipa ni la sumu."

"Sumu?"

"Lilikuwa na dawa ya wadudu. Nimetoka kuyaona mengine sasa hivi."

Alinitazama kutoka utosini hadi kwenye kanga iliyolowa. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto: "Kwa hiyo maji aliyokuwa akinywa mama yana sumu. Na wewe ndiye uliyekuwa ukimpa. Na leo, kabla hajayaona mtu, unayamwaga."

Nikafungua mdomo nimjibu. 

Kutoka chumbani mama mkwe akaita, "Kuna nini huko? Nani anazozana?"

"Hakuna, mama," wifi akajibu huku amenikazia macho. "Ni mkweo anafanya usafi."

Jioni mume wangu aliporudi alitukuta tumekaa kama watu waliofiwa. Wifi akamweleza yote. Mimi nikawa namtazama mume wangu tu. Nilijua akifungua mdomo nimepona. Neno moja: ghala. Basi.

"Baba Chiriku," nikamwambia, "waambie umelitoa wapi."

Chiriku ni binti yetu. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Wakati huo alikuwa kitandani kwa bibi, anamhadithia habari za shuleni.

Mume wangu alivua kofia. Akaikunjakunja.

"Nililinunua sokoni," akasema. "Lilikuwa la sharubati."



"La sharubati?" nikasema. "Mbona mpakiaji wenu..."

"Yule ni mtu wa masihara, humjui." Akainuka, akachukua mpira wa maji, akalijaza pipa upya mbele yetu. Tulisikiliza maji tu. Lilipofika nusu akakinga kikombe, akakiinua watu wote wakione, akanywa mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Haya," akasema. "Nimekufa?"

Wifi akapumua. Mama mkwe, aliyekuwa amejikongoja hadi mlangoni akishika ukuta, akasema, "Mwanangu hawezi kuniletea kitu kibaya." Akaniangalia. Nikaona afadhali angenitukana.

Tulipokuwa wawili chumbani nilimshika shati.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Punguza sauti."

"Kwa nini?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Huyu ni mwanamume aliyembeba mama yake mgongoni kumpeleka zahanati wakati wa mafuriko. Sijawahi kumwona akilia. Siku hiyo mdomo ulimcheza.

"Ulitaka niseme nini, Mama Chiriku? Niseme mama nimempa sumu kwa mikono yangu? Yule mwanamke angekufa kwa hilo neno kabla ya kufa kwa maji."

"Na mimi je?"

"Nililisugua lile pipa. Kwa mchanga, kwa sabuni, kwa maji ya moto. Bosi alilitoa kwa nia njema. Halikuwa linanuka!"

"Na mimi je?" nikarudia.

 Alisema tu kwamba atalitoa taratibu. Akirudi safari atalipasua, aseme limegongwa, alete jipya, mambo yaishe. "Nivumilie," akasema. "Mpaka nirudi tu. Wewe usimpe ya pipa, mpe ya bombani."

Kesho yake, kabla jua halijapanda sana, alikuwa ameshaondoka na lori lake.

Kumpa ya bombani! Kama mchezo! Nilikinga jagi jikoni, nikampelekea mama mkwe. Akaonja, akaliweka chini.

"Haya yananuka dawa," akasema.

Ndiyo, wasomaji wangu. Maji ya bombani yenye dawa ya kuulia vijidudu ndiyo yaliyomnukia dawa. Yale ya pipa alisema yametulia, yana utamu.

"Mama, nakuomba unywe haya."

"Kwa nini unanilazimisha?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umetia nini?"

Nikayanywa mwenyewe mbele yake. Akatikisa kichwa. Akamwita Chiriku, akamtuma akamkingie kwenye pipa. Mtoto akakimbia, akakinga, akaonja kwanza yeye njiani kama kawaida yake.

Nikampiga kofi mkononi, kikombe kikaanguka.

Mtoto alilia. Bibi yake alilia. Jirani akachungulia dirishani. Na mimi nikabaki katikati yao na kikombe kinachobingirika, sina la kusema ambalo halinifanyi mchawi zaidi.

Usiniulize kwa nini sikulipasua lile pipa kwa shoka. Nililiwazia hilo. Lakini mwanamke anayeshukiwa sumu, aonekane na shoka?

Nilichukua chupa yangu ya chini ya kiti nikaipeleka maabara ya idara ya maji. Mpima maji ni kijana mpole, miwani puani, kalamu sikioni. Akaniambia niache namba, atanipigia. Nikamwambia maji yanaumiza watu nyumbani. Akasema watu wengi husema hivyo, nisijali, kila kitu kitaonekana kwenye kipimo.

Nilirudi na moyo mwepesi. Nikamwambia wifi, aliyekuwa amehamia kwetu kumlinda mama yake: "Maji nimeyapeleka kupimwa. Tusubiri wataalamu."

"Tena tusubiri," akasema. "Mimi nataka kusikia kwa masikio yangu."

Wakati tukisubiri, habari zilishatoka dirishani kwa jirani zikaenea mtaani. Wateja wangu walikuja kusuka na chupa zao za maji. Mmoja, niliyemsuka siku ya harusi yake, nilimpa kikombe akakishika tu mkononi mpaka nilipomaliza kichwa chake, akakiweka chini kimejaa vilevile. "Asante, nimeshiba," akasema. Tangu lini mtu akashiba maji?

Simu ilipolia, nilikuwa nimeshika nywele za mtu. Nikaona namba ya maabara. Nikaacha kichwa nusu, nikakimbilia ukumbini.

"Weka spika," wifi akasema.

Nikaweka. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, Chiriku ameegemea goti lake.

"Dada, habari," sauti ya mpima maji ikasema. "Maji yako tumeyapima. Hongera, ni safi. Hayana kijidudu hata kimoja. Ni safi kuliko haya ninayokunywa mimi hapa ofisini."

Akacheka kidogo.

"Subiri, kaka," nikasema, "na dawa je? Dawa ya..."

Wifi alishanyoosha mkono, akaikata simu.

"Umesikia, mama?" akasema. "Maji ni mazima. Mwanao kayanywa, hakudhurika. Serikali imeyapima, hayana kitu. Kimebaki nini kati ya maji na mdomo wako?"

 Wote walikuwa wanaitazama mikono yangu. Ilikuwa bado ina mafuta ya nywele.

"Unafungasha, mama," wifi akasema. "Kesho tunahamia kwangu."

Nililala bila kulala. Kulipokucha nilifika maabara hata mfagizi hajamaliza. Nikamsubiri yule kijana mlangoni.

"Umepima dawa za shambani?" nikamuuliza kabla hajatoa ufunguo.

"Dawa za shambani?"

"Pipa lilikuwa la dawa ya wadudu."

Akavua miwani. "Dada, mbona hukuniambia hilo? Sisi hapa tunapima vijidudu. Hiyo sumu kipimo chake hatuna, lazima yapelekwe mji mkuu." Kisha akakunja uso, kama mtu anayekumbuka jambo alilowahi kusoma. "Tena penye sumu ya namna hiyo huwezi kukuta vijidudu. Vitaishije humo?"

Kumbe usafi ule wenyewe ndio uliokuwa wa kutisha!

"Basi mpigie wifi yangu," nikasema. Nilimshika mkono. "Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Nakuomba. Nakupigia magoti."

Na kweli nilipiga magoti, pale pale penye maji ya mfagizi.

Alihangaika kuniinua. "Dada, usifanye hivi. Mimi siwezi kusema kuna sumu wakati sijaipima. Nitapoteza kazi. Ninachoweza kukuambia ni hiki: msiyanywe. Hata tone. Pipa la dawa halioshwi likawa la maji, hata usugue mwaka mzima. Hasa mtoto, usimpe."

"Kuniambia mimi kunasaidia nini?" nikasema. "Mimi ninajua! Wasiojua ndio wanaokunywa!"

Nikatoka nikikimbia, kiatu kimoja mkononi.

Pikapu ilikuwa mbele ya nyumba, nyuma imefunguliwa. Godoro la mama mkwe limeshapanda. Kiti chake kimepanda. Sanduku lake. Na juu ya vyote, limefungwa kwa kamba kama bwana harusi kitini, pipa la bluu.

"Wifi, hilo pipa liache!"

"Kwangu maji hutoka kwa zamu," akajibu bila kugeuka. "Na hii ni zawadi ya mwanawe."

Nikaivamia kamba. Nikalifungua fundo la kwanza. Majirani walikuwa wameshajaa, wengine na watoto mgongoni.

"Jamani, tazameni!" wifi akawaambia. "Mama hamtaki, lakini pipa lake analitaka. Hata pipa analionea wivu!"

Watu wakacheka. Dereva wa pikapu akanitoa mkono kwenye kamba, kwa upole, kama unavyomtoa mlevi.

Hapo ndipo nikaona kitu kingine. Dirishani mwa pikapu, kati ya kiti cha dereva na bibi yake, kulikuwa na kichwa nilichokisuka mwenyewe.

"Chiriku anashuka," nikasema.

"Mama, shule zimefungwa!" mtoto akasema kwa furaha. "Bibi amesema hawezi kulala bila mimi!"

"Shuka, mwanangu."

Wifi akanipa simu yake. Alikuwa ameshampigia mume wangu. Sauti ilikatikakatika, lori linanguruma nyuma yake.

"Mwache aende na bibi yake," akasema. "Usizidishe, Mama Chiriku. Watu wanatazama. Nikirudi nitayamaliza."

"Wanachukua na pipa, unanisikia? Pipa!"

Mtandao ukaishia hapo. Au aliishia yeye.

Mama mkwe alinyoosha mkono kupitia dirishani, akanishika vidole. Mkono ulikuwa umelowa jasho, unatetemeka.

"Mimi sisemi ni wewe, mwanangu," akaniambia, kwa sauti ambayo wifi hakuisikia. "Umenivumilia mengi. Nimechoka tu kuogopa kila ninapomeza."

"Mama, usinywe ya kwenye pipa. Kama umewahi kunipenda, usinywe."

Alinitazama kwa huruma. Kwa huruma kabisa, kama unavyomtazama mtu aliyerukwa na akili. Akanipigapiga mkono. Pikapu ikaondoka, na Chiriku akinipungia hadi kona.

Nilifika kwa wifi mchana ule ule. Mlinzi alifungua kidirisha cha geti, akasema ameambiwa nisiingie. Nikaita jina la mwanangu mpaka koo likakauka. Wifi akajibu kutoka ndani ya ukuta: niende nikamtafute mume wangu, nimwache mama yake akae kwa amani. Nilikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu aliniuliza, "Maji yamepimwa?" Nikasema ndiyo. "Yakaonekanaje?" Nikasema safi. Akaifunga kalamu yake.

Mume wangu alirudi siku ya pili yake, alasiri, vumbi la safari hadi kwenye kope. Alisimama ukumbini akitazama pale palipokuwa na pipa. Sakafu ilikuwa na duara jeupe.

"Limekwenda wapi?" akauliza, kana kwamba sikumwambia.

"Liko alipo mtoto wako."

Akakaa chini. Chini kabisa, sakafuni. Nikamweleza habari za mpima maji, neno kwa neno. Nikamweleza kwamba mwalimu aliwahi kuniambia Chiriku analalamika herufi zinamchezea machoni, na sote tukadhani anakwepa kusoma. 

"Wewe watakuamini," nikamwambia. "Mimi nikisema nachafua ukoo. Wewe sema tu neno moja: ghala. Kisha unichukie maisha yako yote, niache, oa mwingine, sitalalamika. Piga simu."

 Akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu, akapiga. Nilisogea mpaka sikio langu likakaribia lake.

Iliita. Ikapokewa.

"Kaka!" sauti ya wifi ikasema, nyuma yake kuna kelele za vikombe. "Umerudi salama? Maji yametoka leo kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, pipa la mama tumelijaza. Mama huyu hapa, leo ameamka na nguvu. Anasema tangu atoke huko hata chakula anakisikia utamu. Zungumza naye."

Mume wangu akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Sema.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, na sauti ilikuwa kweli na uhai kuliko nilivyoizoea. "Nilikuwa nawaambia hawa hapa. Katika watoto wangu wote, wewe ndiye uliyenifikiria hata nisihangaike na maji. Mungu akuzidishie."

Mdomo wa mume wangu ulifunguka. Nikaona neno limefika. Niliona kabisa limefika kwenye meno.

"Amina, mama," akasema. "Hapana, hakuna neno. Nilitaka tu kujua kama mmekaa vizuri."

Na kule nyuma, kabla simu haijakatwa, nikamsikia mwanangu, sauti yake ile isiyojua kupumzika:

"Shangazi, nimeyamaliza! Niongezee!"